Blanketi la farasi wakati wa baridi: dalili, chanzo na la kufanya

Julai huku Limuru ukungu hushuka mapema jioni, na siku nyingine hauinuki hadi saa nne asubuhi. Ndio mwezi ambao simu yangu hulia kuliko mwezi mwingine wowote, na swali ni lile lile: "Mzee, farasi anasikia baridi. Nimnunulie blanketi gani?" Nami huuliza kwanza: amekula nini usiku? Amelowa au ni mkavu? Umemgusa wapi ukajua ana baridi? Wengi hunyamaza kwenye swali la tatu. Baridi waliisikia wao, wakadhani na farasi anaisikia.

Kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, nimeifanya tangu ujana wangu, zaidi katika nyanda za juu za Kenya, ambako Limuru, Molo na Nyahururu zote ziko juu ya mita 2,000. Farasi niliowaona wakiumia kwa sababu ya blanketi lililolowa, lililozidi uzito au lisilowakaa sawa ni wengi kuliko walioumizwa na baridi yenyewe. Kwa hiyo hapa sitaanza na bei wala rangi. Nitaanza na farasi anavyoonekana asubuhi unapofungua banda, kisha turudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Mkono kwanza

Kabla ya dalili yoyote, jifunze kupima kwa mkono. Pitisha kiganja chini ya blanketi, nyuma ya bega, kisha ukishushe hadi nyuma ya kiwiko, halafu ukiguse kiuno. Ngozi iwe na uvuguvugu, kavu, manyoya yakiwa yamelala vizuri. Ikiwa na joto la unyevunyevu, blanketi limezidi. Ikiwa baridi kama ukuta wa banda, na farasi amejikunja tumbo, amebana mkia na amegeuzia upepo matako, hapo kweli anahitaji msaada.

Masikio baridi peke yake hayatoshi kumfunika farasi. Masikio ni dalili ndogo. Huweza kuwa baridi huku kifua kikiwa na joto zuri. Yaunganishe na mkono wako wa nyuma ya kiwiko ndipo uamue.

Uwe na kipimajoto pia, kile cha kuingiza nyuma. Farasi mzima aliyetulia huwa na joto la takriban sentigredi 37.5 hadi 38.5. Banda lisilo na kipimajoto linabahatisha, na nitaeleza chini kwa nini kubahatisha kunaua.

Maandishi ya blanketi hayakuandikiwa Molo

Mablanketi mengi tunayotumia hapa yametengenezwa kwa ajili ya Ulaya, na sehemu kubwa hufika kama mtumba. Kibandiko chake husema gramu: 0, 50, 100, 200, 300, hata 400. Hiyo ni pamba ya poliesta iliyojazwa katikati, kwa kila mita moja ya mraba. Sifuri maana yake ni ganda tu la kuzuia mvua na upepo. Hadi 50 ni jepesi, 100 hadi 250 ni la wastani, 300 kwenda juu ni zito. Namba nyingine ni denia, yaani unene wa uzi wa ganda la nje. Ganda la denia 600 huchanika mapema kwa farasi mtundu au palipo na miiba. 1200 huvumilia zaidi. Watu huchanganya namba hizi mbili. Denia haina joto. Blanketi la denia 1200 lenye gramu sifuri ni gumu, lakini ni jepesi kama koti la mvua.

Sasa angalia tofauti ya mahali. Uingereza, mwishoni mwa Desemba, London hupata mwanga wa jua kama saa nane tu kwa siku. Ni kupungua kwa mwanga huko, kuanzia baada ya Juni, kunakouambia mwili wa farasi uoteshe manyoya mazito, na baridi huongezea. Sisi tuko kwenye ikweta. Nanyuki mchana ni saa kumi na mbili Januari, na ni saa kumi na mbili Julai. Farasi wetu hapati ile amri ya mwanga, kwa hiyo usitarajie avae koti zito la Kizungu eti kwa sababu usiku wa Molo ni mkali.

Kwa upande mwingine, baridi yetu si ya kutwa. Usiku unaweza kushuka hadi nyuzi nane au chini ya hapo, na saa sita mchana jua likafika ishirini na zaidi. Blanketi lililomfaa saa kumi alfajiri humpika saa tano. Ugumu wa huku uko hapo: kupanda na kushuka kwa joto ndani ya siku moja, pamoja na mvua ya manyunyu inayokaa.

Dalili ya kwanza: ametoka jasho chini ya blanketi

Unaweka mkono na unatoka na maji. Manyoya nyuma ya viwiko na kiunoni yamegandamana, pengine yana chumvi nyeupe. Farasi amechoka kabla hajafanya kazi.

Chanzo cha kawaida ni hiki hapa: blanketi la usiku halikutolewa asubuhi. Hili naliandika kwa uchungu. Nikiwa kijana, katika banda moja upande wa Gilgil, nilimvalisha farasi jike wa polo aliyenyolewa blanketi la gramu 300. Usiku ulikuwa wa baridi kweli. Asubuhi nikatumwa mjini kabla ya chai, nikafikiri mwenzangu atalitoa, naye akafikiri nimeshalitoa. Nilirudi karibu saa saba. Yule jike alikuwa amesimama juani, kichwa chini, maji yakimchuruzika tumboni. Hakufa, lakini ilichukua siku kadhaa kabla hajarudia kula vizuri. Tangu hapo, kila banda ninalosimamia lina ubao mlangoni, na jina la anayetoa mablanketi asubuhi huandikwa jioni ya jana yake. Jina moja, si "tutasaidiana".

Chanzo cha pili ni kumfunika akiwa amelowa, au akiwa bado na jasho la kazi, kwa blanketi lisilopumua. Jasho halina pa kwenda, linapoa, na farasi anaganda. Farasi aliyetoka mazoezini avikwe kwanza flisi, blanketi la kitambaa laini ambalo hunyonya unyevu na kuupitisha nje. Ukiona matone yamejikusanya juu ya flisi kama umande, ujue inafanya kazi. Itoe, mvike kavu. Kama huna flisi, iko njia ya wazee, nayo ni nzuri: mtandike nyasi kavu mgongoni na kiunoni, juu yake weka gunia safi la katani, lifunge kwa mkanda usiobana. Hewa hupita katikati ya nyasi, mgongo unakauka, nusu saa baadaye unatoa vyote. Nimewakausha farasi hivyo miaka mingi kabla sijaiona flisi.

Chanzo cha tatu ni gramu kuzidi tu. Shusha ngazi moja, kisha pima tena kwa mkono saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, siku mbili mfululizo. Ukiwa huna uhakika kati ya jepesi na zito, chagua jepesi. Farasi mwenye baridi kidogo ana njia za kujipasha: atakula, atatembea, atasimamisha manyoya. Farasi aliyefungiwa ndani ya joto hawezi kufungua bizimu.

Dalili ya pili: anatetemeka

Hapa ndipo watu hukimbilia dukani. Subiri kwanza. Kutetemeka kuna vyanzo vingi, na blanketi hutibu vichache tu.

Pima joto la mwili kabla ya yote. Likiwa limepita 38.5 na linapanda, huyo hana baridi, ana homa. Katika nchi yetu homa ya farasi inaweza kuwa ya kupe, inaweza kuwa ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Ukiona vile vishimo vya juu ya macho vimejaa na kuvimba, au anahema kwa shida, au povu puani, usipoteze dakika hata moja na blanketi: mwite daktari wa mifugo. Nimewahi kukuta farasi mwenye homa kali amevikwa mablanketi mawili na watu wenye nia njema kabisa. Walikuwa wanamwongezea moto.

Joto likiwa la kawaida, tazama kama anapiga tumbo, anajitazama ubavu, anajilaza na kuinuka. Maumivu ya tumbo nayo hutetemesha. Hilo pia ni la daktari.

Kama hakuna homa wala maumivu, uliza kuhusu chakula. Farasi ana tanuri lake ndani: nyasi zinapochachuka kwenye utumbo mpana hutoa joto, na linadumu kwa saa nyingi. Nafaka haitoi joto la namna hiyo. Farasi wa kilo 450 anahitaji takriban kilo 7 hadi 9 za malisho makavu kwa siku. Ukimpa debe la pumba saa kumi na moja jioni halafu hori likae tupu hadi asubuhi, atatetemeka hata umvike nini. Usiku wa baridi mimi huongeza nyasi kavu za Boma Rhodes, nikiweka fungu kubwa zaidi la mwisho saa tatu usiku. Mara nyingi kutetemeka huisha hapo, na mwenye farasi anabaki na hela zake.

Mtu wangu mmoja, kijana mwenye bidii, alinifuata siku moja saa mbili usiku.

"Mzee, yule kahawia anatetemeka. Nimletee lile la mia tatu?"

"Umeangalia hori?"

"Limeisha."

"Lini?"

Akatazama chini. "Sijui, Mzee."

Tulimpelekea nyasi, tukasimama naye. Nusu saa baadaye alikuwa ametulia, anatafuna. Kijana yule leo ni msimamizi wa mabanda, na nasikia naye huanza kwa kuuliza hori.

Baada ya chakula, ndipo unyevu na upepo. Farasi mkavu huinua manyoya yake, hewa inakaa katikati, anakuwa na godoro la joto. Mvua ikilaza manyoya, godoro hilo linakwisha. Upepo ukiongezeka, hali inakuwa mbaya zaidi. Ndiyo maana farasi wa Molo kwenye nyuzi tano, mkavu, nyuma ya ukuta, anaweza kuwa na raha kuliko wa Limuru kwenye nyuzi kumi na mbili chini ya manyunyu ya siku tatu. Aliyelowa mpeleke penye paa, msugue kwa kipeto cha nyasi kavu dhidi ya manyoya ili yasimame, mkaushe kama nilivyoeleza. Asimame chini ya blanketi akiwa mkavu.

Hapo kuna mtego wa kuujua. Blanketi jembamba sana hulaza manyoya yenyewe. Ukimvika farasi mwenye manyoya mazuri shuka isiyo na joto na isiyozuia maji, umemnyang'anya godoro lake bila kumpa jingine. Ama mfunike ipasavyo, ama mwache na koti lake.

Ni nani basi anayehitaji blanketi kwa dhati? Aliyenyolewa kwa ajili ya polo au mbio, kwa sababu koti lake tumelitoa sisi. Mzee aliyepungua nyama. Aliyekonda au anayetoka kwenye ugonjwa. Na yule aliyeletwa majuzi kutoka pwani: farasi aliyezoea Mombasa au Malindi akipandishwa Nyahururu mwezi wa saba, mpe wiki mbili tatu za kuzoea, umfunike usiku, kisha upunguze taratibu. Farasi mzima, mwenye mwili, asiyenyolewa, aliye na nyasi na mahali pa kujikinga, mimi huwa simfuniki, na nimegombana na wenye farasi wengi juu ya hilo.

Kwa makadirio yangu ya hapa nyanda za juu, aliyenyolewa akilala bandani kwenye nyuzi nane hadi kumi humtosha gramu 100. Usiku ukishuka chini ya tano nafika 200. Lile la 300 silitoi kabatini ila kwa mgonjwa au mzee sana. Wa kulala nje kwenye mvua, kama hajanyolewa na ameshaonyesha kwamba hawezi, apewe sifuri au 50 lenye kuzuia maji.

Dalili ya tatu: manyoya yamekatika mabegani, au kuna kidonda pale shingo inapokutana na mgongo

Sababu ni mkao wa blanketi, na hapa watu hukosea kwa namna ambayo haieleweki mara moja. Wanaona bega limechubuka, wanasema blanketi ni dogo, wananunua kubwa zaidi, bega linazidi kuchubuka. Blanketi kubwa mno huteleza nyuma. Likishateleza, ukingo wa mbele unavutwa juu ya mabega, na kila hatua ni msasa.

Pima hivi. Farasi asimame sawasawa. Shika kipimo katikati ya kifua, upitishe kwenye sehemu pana zaidi ya bega, uendelee ubavuni hadi mwisho wa tako. Uwe na msaidizi upande wa nyuma, na kamba isilegee. Blanketi za Kiingereza huandikwa kwa futi na inchi: futi 6 ni sentimita 183, na kila ngazi ya inchi tatu ni kama sentimita saba na nusu. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, usiamue kwa namba, amua kwa umbo: mwenye kifua kipana apate kubwa, mwembamba apate ndogo.

Likishavaliwa, ukingo wa shingoni ukae mbele ya ule mwinuko wa mabega kwa upana wa kiganja, usikae juu yake. Kiganja kipite kwa ulaini kati ya blanketi na kifua. Kisha weka nyasi chini mbele yake aiinamie, kwa sababu hapo ndipo ukweli hutoka. Blanketi linaloonekana zuri farasi akiwa ameinua kichwa linaweza kumkaba akila. Nyuma, lifike mwanzo wa mkia bila kupita.

Farasi wengi wa mbio wa aina ya thorobredi wana mwinuko mrefu na mwembamba, na mablanketi yaliyokatwa bapa huwakandamiza pale pale. Mkandamizo ukidumu, hata baada ya kidonda kupona manyoya huota meupe, na doa hilo halitoki. Kwa hao tafuta blanketi lililokatwa juu shingoni, au shonea ngozi ya kondoo chini ya ukingo. Fundi wa viatu mwenye sindano nene ataifanya kazi hiyo vizuri. Kwa mabega, kitambaa laini cha nailoni kinachovaliwa kama fulana chini ya blanketi hupunguza msuguano, ila kisiwe kisingizio cha kuendelea na saizi isiyofaa. Palipo na kidonda kibichi, blanketi litoke hadi pakauke. Kama lazima afunikwe, azima la umbo jingine lisilogusa hapo.

Dalili ya nne: unalikuta upande, au chini ya tumbo

Hii ni hatari, na nisingependa mtu ailegezee. Farasi aliyekanyaga blanketi lake mwenyewe huogopa, hukimbia, na hujivunja.

Angalia mikanda ya tumboni. Ipishane chini ya tumbo, iwe na urefu sawa kulia na kushoto, na nafasi ya upana wa kiganja kati yake na tumbo. Ikining'inia zaidi ya hapo, atakapojilaza mguu utaingia. Mikanda ya miguu ya nyuma ipitishwe mmoja ndani ya mwingine kati ya mapaja, ili isimsugue, nayo iwe na nafasi hiyo hiyo ya kiganja. Ukikuta upande mmoja tu ndio huteleza, jambo la kwanza ni kukagua kama bizimu la upande huo limelegea au ukanda umenyooka kwa uzee.

Namna ya kumvisha nayo huchangia. Litupe mbele zaidi ya mahali pake, shingoni, kisha livute nyuma ili manyoya yalale. Usilivute mbele kamwe. Utayasimamisha manyoya na kumkera usiku kucha. Funga kifua, kisha tumbo, kisha miguu. Kutoa ni kinyume: miguu kwanza, tumbo, kifua mwisho. Sababu ni kwamba farasi akishtuka katikati ya kazi, blanketi lisibaki limefungwa nyuma tu na kumzonga miguuni.

Dalili ya tano: ndani kumelowa

Swali ni moja: ni mvua au ni jasho? Unyevu wa mvua hufuata mistari, utaukuta kwenye mshono wa mgongoni, chini ya mabizimu, au mbele shingoni kama limeteleza. Ni wa baridi. Unyevu wa jasho umeenea, una joto na harufu, umezidi nyuma ya viwiko na mapajani. Ukilichukulia jasho kuwa ni kuvuja, utanunua blanketi jingine zito zaidi na kuharibu mambo mara mbili.

Kuhakikisha, funga pembe nne za blanketi kwenye nguzo liwe kama bakuli, upande wa nje juu, mwaga ndoo ya maji katikati, rudi baada ya saa moja upapase chini. Vitone kwenye mshono tu, kwa blanketi jipya, mara nyingi huisha baada ya kulilowesha mara moja na kuliacha likauke kivulini: uzi hutuna na kuziba matundu ya sindano. Likivuja katikati ya kitambaa, utando wa kuzuia maji umekwisha.

Na kinachoumaliza mara nyingi ni sisi wenyewe, kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Kwanza piga vumbi, sugua matope makavu kwa brashi ngumu, kisha osha kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 30, kwa sabuni laini ya vitambaa vya mvua au maji matupu. Likaushe kivulini, si kwenye bati la moto. Baada ya hapo dawa ya kurudisha kinga ya maji hupulizwa likiwa safi. Ukiipuliza juu ya uchafu umepuliza uchafu.

Dalili ya sita: magamba mgongoni

Unapapasa mgongo unahisi vidonge vigumu. Unakishika kimoja kinatoka na shada la manyoya, kama kibrashi cha rangi, na chini yake ngozi ni nyekundu. Huo ni ugonjwa wa magamba ya mvua. Bakteria wake huitwa Dermatophilus congolensis, na jina la pili ni la Kongo kweli: ulielezwa kwa mara ya kwanza kwa ng'ombe katika Kongo ya Wabelgiji, mwaka 1915. Anapenda unyevu na joto pamoja, na hakuna mahali anapovipata vyote viwili kama chini ya blanketi lililolowa.

Toa blanketi. Mkaushe, mweke penye paa, umwite daktari akupe dawa ya kuoshea. Usiyabandue magamba yaliyo makavu na yanayouma kwa nguvu. Blanketi lenyewe, brashi na kitambaa cha chini ya tandiko vioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu na vikauke kabisa. Na kila farasi awe na vyake. Naelewa gharama, lakini kuazimana mablanketi hueneza magamba hayo, na hueneza pia ule ugonjwa wa ngozi wa mashilingi, ambao hushika hata saisi mwenyewe mikononi.

Dalili ya saba: amekonda na hukuona

Blanketi huficha mbavu. Farasi aliyevikwa Juni akavuliwa vizuri Agosti anaweza kukutisha. Kila siku, hata siku ya mvua, blanketi litoke lote, upitishe mkono mbavuni, kiunoni na juu ya matako, umpige brashi. Dakika kumi. Kinyume chake pia kipo: farasi mnene anayefunikwa kila usiku hatumii mafuta yake kujipasha, anazidi kunenepa, na unene huo humwelekeza kwenye uvimbe wa ndani ya kwato, ugonjwa unaouma kuliko baridi yoyote ya Kinangop. Mnene mzima, mkavu, asifunikwe.

Analichana blanketi lake kwa meno

Kabla ya kumwita mkorofi, mvue umtazame ngozi. Mara nyingi nimekuta joto, magamba, chawa, au kibizimu kinachomchoma. Akiwa safi na bado anachana, ni mchezo wa mwenzake wa zizini au upweke wa hori tupu. Nyasi zaidi usiku hupunguza meno mengi. Palipochanika pashonwe siku hiyo hiyo kwa uzi mzito uliopakwa nta, kwani tundu la kidole leo litamfunga mguu kesho.

Simu ya mwisho niliyopokea wiki hii ilitoka Naro Moru. Farasi jike wa miaka ishirini na mbili, amepungua, anatetemeka alfajiri, hana homa, hori lina nyasi. Huyo nilimwambia mwenyewe anunue: gramu 100, futi 5 na inchi 9 kwa vipimo alivyonisomea, ganda la denia 1200 kwa sababu ya miiba ya huko. Nikamwomba anitajie jina la atakayelitoa asubuhi.

"Ni mimi mwenyewe, Mzee," akasema. "Saa mbili, kabla jua halijapiga."